Mistari kwenye Chupa ya Dawa

Hii nimeletewa na mtu, naye aliletewa na mtu, na kila aliyeituma aliandika juu yake neno moja tu: "Soma." Basi na mimi nakuletea. Soma taratibu hata kama jua limekuchosha, na nakuomba usirukie mwisho.

Mjini Dar es Salaam, upande wa Tabata, aliishi mama mmoja jina lake Leokadia. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa. Mumewe, Ambakisye, alikuwa fundi wa mafriji, na mwezi wa Desemba fundi wa mafriji haonekani kwake, maana kila nyumba inamtafuta. Walikuwa na watoto wawili: Tumpe, binti wa miaka sita, na Lusajo, mtundu wa miaka mitatu.

Shule zikafungwa. Joto la mwisho wa mwaka mnalijua wenyewe. Bati linawaka tangu saa tatu asubuhi, saa sita umeme unakatika, feni inasimama, na watoto wakishakosa shule na wakakosa feni, nyumba haikaliki. Huyu kamwaga maji, yule kamng'ata mwenzake, wote wawili wanalia na hakuna anayejua nani alianza.

Nani atabaki nao? Ambakisye akampigia simu mama yake, huko Tukuyu. Yule bibi hakuuliza maswali mawili. Alifunga mzigo wake, akapanda basi, akaja.

Sasa, Tukuyu ni kwa mvua na baridi. Bibi alishuka stendi amevaa vitenge viwili, kilemba, na sweta la kijani lililofungwa vifungo hadi shingoni. Leokadia akacheka moyoni, akasema kesho atalivua mwenyewe. Kesho hakulivua. Keshokutwa hakulivua. Wiki ikaisha bibi yumo ndani ya sweta, jasho linamchuruzika mashavuni, na akiambiwa avue anajibu kwa upole kwamba amezoea.

Hapo ndipo shaka ya kwanza ilipochungulia. Leokadia alijiuliza, mtu mwenye akili zake, Dar es Salaam, Desemba hii, sweta la nini? Ana nini humo ndani asichotaka kionekane?

Lakini aliliacha lipite. Watoto walimpenda bibi yao, chakula kilikuwa kinapikwa, nyumba ilikuwa safi. Jioni moja Lusajo aliumwa na mbu hadi akavimba mikono, akawa anajikuna na kulia. Leokadia akashusha kutoka rafu ya juu chupa ya dawa ya maji, ile nyekundu ya mafua ya watoto, akampa kijiko kimoja. Bibi alikuwa pembeni anachambua mchele. Akauliza kama ile si ya mafua.

"Ya mafua, na muwasho pia inatuliza, mama," Leokadia akamwambia. "Ila lazima ipimwe. Ukizidisha, inalaza mtu kama mzigo."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaendelea na mchele wake. Chupa ikarudi rafuni.

Siku chache baadaye Leokadia alirudi kutoka kazini saa kumi jioni, akafungua mlango, akakuta kimya. Kimya, wenzangu, katika nyumba yenye Lusajo! Watoto walikuwa wamelala kwenye mkeka, chali, midomo wazi, hawana habari. Bibi alikuwa jikoni anaosha vyombo.

Kesho yake hivyo hivyo. Na siku iliyofuata. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, chumba kilikuwa cha moto, na wale watoto ambao kwa mama yao hawajawahi kulala mchana hata wakiwa wagonjwa walikuwa wanakoroma.

Jumamosi hiyo jirani mmoja, Mama Mwajabu, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa uzio. Akasema, kwa maneno ya kawaida tu ya jirani, kwamba siku hizi kwa kina Leokadia mchana pametulia mno, hata kilio hakisikiki, na huyo mama mkwe ana dawa gani.

Angesema "ana ujuzi gani" pengine hadithi hii isingekuwepo. Lakini alisema dawa, na aliyesikia ni muuza dawa.

Leokadia akasimama na ndoo mkononi. Dukani kwake kila wiki wanakuja akina mama na mabinti wa kazi kuomba ile chupa nyekundu. Ukiwauliza mtoto ana mafua tangu lini, wanaangalia chini. Alijua vizuri kabisa mtoto anapewa ile dawa kwa nini kama hana mafua. Amewafukuza wengi kwa sababu hiyo, tena kwa maneno makali.

Akaweka ndoo chini, akaingia ndani, akashusha chupa. Ilikuwa imepungua. Lusajo alipewa kijiko kimoja tu, na hapa vilikuwa vimekwenda kama vinne.

Alichukua kalamu ya wino mweusi, akachora mstari kwenye lebo pale dawa ilipofikia. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa vipimo, akachora na mingine chini yake, mstari chini ya mstari, sawasawa, kama rula, hadi karibu na kitako cha chupa. Alitaka ajue kwa siku inaondoka kiasi gani. Akairudisha rafuni, akaigeuza lebo ukutani.

Jumatatu jioni alipoishusha, dawa ilikuwa imeshuka hadi mstari wa pili. Ona ajabu: imegusa mstari wenyewe, haijapita wala haijabaki juu. Jumanne, mstari wa tatu. Jumatano, wa nne.

Leokadia akaigeuza chupa mkononi, akajiambia ameelewa. Huyu mama ameiona mistari, na bado anapunguza dawa mstari hadi mstari, bila hata kujificha. Anamchezea. Anamwambia, bila kufungua mdomo, kwamba chora unavyotaka, mimi nakunywesha watoto wako hivi hivi.

Akamwita Tumpe uani, akamkalisha kwenye kigoda, akamuuliza bibi huwa anawapa nini kabla hawajalala mchana. Mtoto akasema wali. Akauliza baada ya wali. Mtoto akasema maji. Akauliza tena, baada ya maji kinafuata nini?

Tumpe akaangalia mlango wa bibi yake.

"Bibi kasema tusimwambie mtu," akajibu.

Mama mzazi akisikia maneno hayo, wewe unafikiri atalala? Leokadia alijaribu kumbembeleza, akamwahidi barafu ya ukwaju, akamtishia hata kutompeleka kwa shangazi yake siku ya sikukuu. Tumpe akaanza kulia, lakini siri hakuitoa. Leokadia akahesabu hilo nalo. Mtoto wa miaka sita kafundishwa kufunga mdomo mbele ya mama yake.

Jioni hiyo akamweleza mumewe yote: sweta, usingizi, chupa, mistari, siri. Ambakisye alikuwa amechoka, mikono inanuka gesi ya friji. Alisikiliza, uso ukabadilika.

"Mama Tumpe, unajua unamsema nani?"

"Ninaisema chupa. Chupa haina ukoo."

Ambakisye akamwambia kwamba mama yake amelea watoto saba bila kumpa hata mmoja dawa ya kulala. Leokadia akamjibu kwamba aliwalea akiwa na nguvu, sasa ni mzee, na mzee akichoshwa na watoto anaweza kufanya lolote. Ambakisye akauliza kama ana ushahidi. Leokadia akasema atampa.

Na hapa, msomaji wangu, ndipo alipofanya lile jambo.

Siku iliyofuata, bibi alipoingia kuoga asubuhi, Leokadia alimimina dawa yote katika chupa nyingine, akaificha kwenye mkoba wake. Kwenye ile chupa yenye mistari akatia maji, sukari, na juisi ya unga ya rangi nyekundu, akatikisa, akajaza hadi pale pale ilipokuwa. Ukiangalia, dawa. Ukionja, mtu asiyejua atasema dawa. Mtego ulikuwa mwepisi: kama watoto wanalazwa na chupa, leo hawatalala.

Saa kumi akarudi mbio. Watoto wamelala. Chupa imeshuka mstari mmoja.

Sasa mtu mwenye moyo mtulivu angekaa chini hapo hapo. Angejiambia: sukari hailazi mtu, basi watoto hawalazwi na chupa, basi nimemwonea mama wa watu, yaishe. Leokadia mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba wazo hilo lilimpitia, lakini halikukaa hata dakika moja. Shaka ilikuwa imeshahamia ndani, imepanga vyombo vyake. Alichokisema ni kwamba, kumbe bibi ana nyingine! Ya kwake, ya miti shamba, kaja nayo kutoka huko milimani. Na anaificha wapi? Kwenye sweta, si ndiyo maana halivuliwi?

Kesho yake bibi alipokwenda dukani kununua nyanya, Leokadia akaingia chumbani kwake na kupekua mkoba. Alikuta Biblia iliyoisha jalada, picha ya Ambakisye akiwa mdogo hana meno ya mbele, pakiti ya majani ya chai, na kopo la poda ya watoto. Majani ya chai akayanusa mara tatu. Yalikuwa majani ya chai. Poda akaimwaga kiganjani, akaisugua, akaionja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa poda, tena imebaki kidogo sana. Akajiuliza bibi kizee na poda ya watoto wapi na wapi, akalihesabu hilo nalo, akarudisha vitu kama vilivyokuwa.

Tangu siku ile ya mtego, bibi alianza kubadilika. Alikuwa haegemei kiti tena, anakaa wima ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini. Chakula alikuwa anamega kidogo na kukiacha. Mara mbili Leokadia alimkuta amesimama kwenye fremu ya mlango, mgongo umegusa mbao, macho yamefumbwa, na alipomwona akajitoa haraka na kushika ufagio. Kuoga alikuwa anaoga mara nne kwa siku, na kila akitoka sweta limefungwa hadi shingoni.

Leokadia alikuwa akiyaona haya yote na akiyapa jibu moja: dhamira inamsuta.

Siku ya sita ya maji ya sukari alimwambia mumewe kwamba yeye hawezi tena. Ama bibi aondoke, ama achukue wanawe aende nao kwao Ifakara. Ambakisye akafanya kile ambacho hadi leo anajuta kukifanya: akakata tiketi ya basi la Jumamosi. Akamwambia mama yake kwamba likizo inakaribia kuisha, si vizuri shamba kukaa bila mtu.

Bibi alimtazama mwanawe. Hakubisha. Aliuliza tu watoto watabaki na nani mchana, na joto hili.

Leokadia, aliyekuwa nyuma ya mlango, akasema moyoni kwamba ona anavyong'ang'ania.

Lakini hakutaka bibi aondoke hivi hivi. Alitaka amkamate, ili siku moja mumewe asije kumwambia alimfukuza mama yake kwa hisia. Alhamisi akaomba ruhusa kazini saa saba mchana, akashuka kituo cha kabla ya kwake, akatembea juani hadi nyumbani. Geti la bati akalisukuma polepole lisilie. Akavua viatu. Akazunguka nyuma ya nyumba hadi dirisha la chumba cha watoto.

Dirishani palitundikwa kanga iliyoloweshwa maji. Ilikuwa bado inadondosha. Leokadia akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja, akachungulia.

Sakafu ya saruji ilikuwa imepigwa deki mbichi. Watoto wamelala kwenye mkeka, ubavu kwa ubavu. Na bibi alikuwa amepiga magoti karibu na vichwa vyao, ungo wa kupepetea mchele uko mikononi mwake, anawapepea. Polepole, juu, chini, juu, chini, na nywele za Lusajo zilikuwa zinapeperuka. Mkono ukichoka anahamishia mwingine. Kiganja cha kulia alikuwa amekifunga kitambaa, maana ukingo wa ungo ulikuwa umemtoa malengelenge.

Sweta lilikuwa limetundikwa kwenye msumari.

Bibi alikuwa na kanga moja tu kifuani, na mgongo aliuelekeza dirishani. Leokadia aliuona mgongo ule. Kuanzia shingoni hadi kiunoni ulikuwa umeumuka vipele vya joto, vyekundu, vimeshikana, na katikati vilikuwa vimechubuka na kuwa vidonda. Mtu wa baridi aliyefungwa ndani ya sweta mwezi mzima. Leokadia ni muuza dawa, alijua mara moja alichokiona, na alijua muwasho wake ukoje.

Bibi akaweka ungo chini. Akaisogelea ile chupa nyekundu iliyokuwa karibu na ukuta, akamimina kijiko, akaiinua chupa kwenye mwanga kuipima na mstari, akanywa yeye mwenyewe. Akafumba macho, akangoja. Kisha akaenda kwenye fremu ya mlango, akajisugua mgongo kidogo tu, kwa hofu ya kupiga kelele, akarudi kwenye ungo.

Tumpe akajigeuza.

"Bibi, bado inakuwasha?"

"Lala, mjukuu wangu. Dawa ya mama yako siku hizi inakawia kidogo, lakini itafanya kazi."

Leokadia alichuchumaa pale chini ya dirisha, kwenye mchanga wa moto, mkono mdomoni. Siku saba! Kwa siku saba yule mama alikuwa anakunywa juisi ya unga na kuingoja imtulize.

Angeweza kuingia hapo hapo na kumwangukia miguuni. Lakini kitu kimoja alikielewa haraka, na ndicho pekee alichokielewa vizuri mwezi ule. Bibi alikuwa mtu wa malezi ya zamani. Kwao mwanamke hafunui mwili mbele ya mke wa mwanawe, hata kwa joto, hata kwa ugonjwa. Ndiyo maana ya sweta, na ndiyo siri aliyobanwa nayo Tumpe: kwamba bibi akiwa nao mchana hulivua.

Basi Leokadia akarudi kinyumenyume hadi getini. Akavaa viatu. Akatoka nje kabisa, akalitikisa lile bati kwa nguvu zote, akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Akapiga mara ya pili. Akasimama juani akihesabu vifungo vya sweta kichwani, kimoja kimoja, mpaka alipoona vimetosha. Ndipo akaingia.

Bibi alikuwa amesimama sebuleni, amevaa, jasho jipya limeshaanza.

Akauliza kwa wasiwasi kulikoni, mbona mapema. Leokadia akafungua mdomo ajibu. Machozi yakaanza yenyewe. Bibi akamkalisha, akamletea maji, akadhani kafukuzwa kazi au kuna msiba. Alipoona hajibu, akaanza kumbembeleza kwa maneno aliyokuwa ameyaweka moyoni siku nyingi.

"Mwanangu, mimi Jumamosi naondoka, na sikutaka niondoke bila kukushukuru. Nilianza kwa kuiba dawa yako, nikaona aibu. Halafu nikakuta umeichorea mistari. Nikajua umeniona najikuna shingo, na hukutaka kunifedhehesha kwa kuniuliza, ukanipimia kimya kimya nisizidishe. Sikuuvuka mstari hata siku moja. Nilimpigia simu wifi yako nikamwambia, mkwe niliyepewa ana adabu."

Leokadia alisikia kila neno. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona dirishani, tiketi ingerudishwa, bibi angepewa dawa ya kweli na angeondoka mwisho wa likizo na sifa zake zote kwa mkwe. Nani angejua? Alikaa na jambo hilo kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

"Mama, mistari ile haikuwa ya kukupimia," akasema. "Nilikuwa nakutega. Na kwenye chupa si dawa. Ni sukari. Nimeitia mimi."

"Sukari?"

"Nilidhani unawanywesha watoto walale."

Bibi aligeuka akaangalia mlango wa chumba cha watoto, akaangalia kile kitambaa mkononi mwake, kisha akakaa kwenye kiti. Alikaa vibaya, mgongo ukagusa egemeo, akashtuka na kusogea mbele. Ndani Lusajo alianza kugunaguna kwa joto, maana upepo ulikuwa umekatika. Bibi akainuka, akaufuata ungo wake, na Leokadia akamsikia anapepea.

Leokadia naye akaingia. Hakumwangalia mgongo. Akashika upande wa pili wa ungo, akauchukua kwa heshima, akaanza kupepea yeye. Baada ya dakika kumi mkono ulikuwa unawaka. Akapepea saa nzima.

Jioni Ambakisye alipoambiwa, hakumkaripia mkewe, maana aliyekata tiketi ni yeye. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama yake, akalia kama Lusajo. Jumamosi basi liliondoka na kiti kitupu.

Leokadia alimletea bibi losheni ya vipele, dawa ya kweli, na madera mawili mapana ya pamba. Akamwambia kwamba mjini humu hata mama wa mchungaji huvaa dera, na hakuna mkwe atakayesema kitu. Bibi alilivaa siku mbili akijivutavuta mikono, ya tatu akasahau. Vidonda vikakauka. Watoto wakaendelea kulala mchana, na kazi ya ungo sasa ilikuwa ya zamu.

Na bibi alimsamehe mkwewe. Alisema kwa mdomo wake, mbele ya mwanawe, kwamba yamekwisha, na hakuwa mtu wa kusema asichokimaanisha. Alicheka naye, alimfundisha kupika ndizi za Kinyakyusa, hata Mama Mwajabu aliwaonea wivu.

Siku ya mwisho kabla hajarudi Tukuyu, kifua kilimbana kidogo kwa vumbi. Leokadia akamletea dawa ya kikohozi, akaimimina mbele yake, akamkabidhi kijiko kwa mikono miwili.

Bibi akakipokea, akashukuru. Akakipeleka mdomoni. Kisha, kabla ya kunywa, akakisimamisha chini ya pua na kukinusa.

Hakufanya makusudi. Sidhani hata kama alijua amefanya. Alikunywa, akarudisha kijiko, akaendelea kufunga mzigo wake. Leokadia alikichukua kile kijiko, akaenda nacho jikoni, akasimama kwenye beseni la vyombo akikiosha muda mrefu.

Funzo: Ukiwa na shaka na mtu wa nyumbani mwako, muulize kabla hujamtegea, maana asiye na kosa akinaswa na mtego wako, utamwomba radhi naye atakusamehe kwa moyo wote, lakini hutaweza tena kumzuia kukinusa kijiko kinachotoka mkononi mwako.